Lee-Enfield No. 4 ya Savage iliyokatwa mbao: rivyu baada ya kuirudisha ilivyokuwa

Nianze na maksi ili asiye na muda aondoke na jibu lake. Bunduki yenyewe nyota tano. Seti ya mbao mpya niliyoagiza nyota mbili na nusu. Muuzaji aliyeniuzia bunduki nyota mbili, tena hizo mbili ni kwa sababu mzigo uliwahi kufika. Wenye muda twende.

Mimi nipo Ohio, na huku kuna watu kibao wana hii hobi ya kuchukua bunduki za jeshi za zamani, zile serikali zilizouza baada ya vita, wanazifumua, wanazisafisha, wanabadilisha mbao, wengine wanazirudisha kama zilivyotoka kiwandani na wengine wanazigeuza kabisa. Yangu ni Lee-Enfield No. 4 Mk I*, bunduki ya Mwingereza ya vita vya pili, ila hii ilitengenezwa hapa hapa Marekani na kampuni ya Savage kwenye kiwanda chao cha Chicopee Falls, Massachusetts. Kati ya 1941 na 1944 walitoa zaidi ya milioni moja za aina hii kwa ajili ya Waingereza kwenye ule mpango wa Lend-Lease, Marekani kuwaazima washirika wake silaha za vita, ndo maana ubavuni kushoto imegongwa U.S. PROPERTY wakati haikuwa bunduki ya jeshi la Marekani. Namba yake ina herufi C katikati, C ya Chicopee, zile za Canada kutoka Long Branch zina L. Na vifaa vidogo vingi vina kialama cha S yenye kona kona kama imechorwa kwa rula, ukishaizoea hiyo S unajikuta unaitafuta kila mahali mpaka kwenye skrubu.

Kwa nini hii na siyo Mosin ya Mrusi au Mauser ya Mjerumani ambazo nazo zimejaa? Kwetu Afrika Mashariki hii familia siyo ngeni. Wazee waliochukuliwa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni), Keya tunaowasikia kwenye hadithi za nyumbani, walibeba .303, yaani Enfield, kwa jina la saizi ya risasi yake, na wale wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita nazo bonde la Kabaw kule Burma, mvua ya masika ya kule ikiwanyeshea, mpaka wakavuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Na Kenya polisi wa akiba waliendelea kubeba hii No. 4, wao wakiiita Mark 4, miaka mingi baada ya uhuru. Kwa hiyo kichwani kwangu hapakuwa na mjadala mrefu, nilitaka Enfield, basi.

Sasa hapa kuna kitu lazima mkielewe kabla hamjatoa hela. Miaka ya 50 na 60 hizi bunduki ziliuzwa Marekani bei ya kutupa, ulikuwa unaagiza kwa posta unaletewa mlangoni, mpaka sheria ya silaha ya 1968 ilipofunga ule mlango. Mwindaji wa kawaida alikuwa hataki historia, anataka kitu chepesi cha kuwindia kulungu, kwa hiyo anachukua msumeno anakata mbao ya mbele, anatupa zile mbao za juu zinazokinga mkono usiungue na mtutu, anang'oa vipande vya kushikia mbao, amemaliza. Hata makampuni yalifanya, Golden State Arms kule California walizikata No. 4 wakazipa jina la Santa Fe Jungle Carbine, na hadi leo kuna watu wananunua hizo wakidhani ni ile No. 5 ya kweli, Enfield fupi ya msituni ya Mwingereza. Matokeo yake leo soko limegawanyika: ambayo haijaguswa bei imepaa, iliyokatwa bado inanunulika kwa nusu au chini ya nusu. Msimamo wangu ni huu na sibadiliki, ukitaka kuchezea, chezea iliyokwisha kukatwa. Mtu anayechukua leo No. 4 nzima, namba za bolti (kile chuma cha mkono unachovuta na kusukuma kupakia risasi) na bodi (chuma kikuu kinachobeba bolti na mtutu) zinafanana, mbao zake za vita, halafu anaifunga plastiki nyeusi na reli za darubini ili ifanane na bunduki za kwenye gemu, huyo sina la kumwambia zaidi ya kumwombea.

Kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye iliyokatwa ni mtutu. Mbao zinarudishika, mtutu ukishakatwa haurudishiki, labda ununue mwingine na kumlipa fundi, na hapo hesabu inakufa. Mtutu wa No. 4 ni inchi 25.2, mwambie muuzaji apime aweke na picha ya futi imelala pale. Cha pili, kwenye Mk I* peke yake, kuna kile kipengele walichorahisisha ili kuokoa muda kiwandani. Badala ya kitufe cha kuachia kichwa cha bolti waliweka pengo dogo tu kwenye reli kinayopita. Kona ya lile pengo inalika na kumomonyoka kwa miaka, ikimomonyoka sana kichwa cha bolti kinaruka nje ya reli ukiwa unavuta. Pitisha ukucha pale, ukikwama kwenye kipande kilichobanduka rudisha.

Yangu hiyo kona ilikuwa nzima na mtutu ulikuwa na urefu wake, hapo namshukuru Mungu. Ila muuzaji aliandika "mtutu unang'aa, bolti na bodi namba moja". Ilivyofika, namba ya kwenye mkono wa bolti na ya kwenye bodi haziongei lugha moja kabisa, na ndani ya mtutu kweusi kama bomba la moshi. Nimempigia ananijibu hii kitu ina miaka 80 ulitegemea nini. Nilitegemea ulichoandika kaka! Hakurudisha hata senti. Nyota mbili.

Kuhusu namba kutofanana, hilo siyo suala la urembo tu. Kwenye No. 4 kichwa cha bolti ni kipande cha peke yake kinachofungwa kwa nyuzi, na vimetengenezwa kwa saizi 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko mwenzake, ili mafundi wa jeshi warekebishe nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi. Ukipewa bolti ya bunduki nyingine hujui hiyo nafasi imekaaje. Nimempelekea fundi bunduki akaipima na geji zake, ikawa kwenye kipimo, nikalala usingizi. Msipige risasi hata moja kabla ya hicho kipimo, hii siyo sehemu ya kubahatisha.

Mtutu wenyewe baada ya kusuguliwa na brashi ya shaba na dawa, na kuachwa usiku, na kusuguliwa tena, umetoka na mifereji miwili tu, ile inayoizungusha risasi. Kuna watu wakiona miwili wanadhani umelika, hapana, wakati wa vita Savage na Long Branch walichonga mifereji miwili badala ya mitano ili kwenda haraka, na inapiga vizuri tu.

Vyuma vilivyokosekana, yaani bendi za kushikia mbao, kofia ya mbele, na yale masikio yanayolinda saiti ya mbele, nimevipata vya kijeshi vya zamani, vimekuja vimeviringishwa kwenye grisi ya kosmolini iliyoganda rangi ya kahawia. Dawa yake ni jua. Funga kwenye mfuko mweusi wa plastiki, weka kwenye dashibodi ya gari mchana wa Julai, juu ya karatasi nyingi, itachuruzika yenyewe, inayobaki unafuta na white spirit. Harufu yake itakaa garini wiki nzima, mimi naipenda, familia hapana.

Haya tuje kwenye mbao, maana hapa ndo hela yangu ilipokwenda na hapa ndo watu wengi wanakosea kipaumbele. Kila mtu anayeiona anasifia rangi na mng'ao. Enfield haipigi kwa mng'ao jamani, inapiga kwa namna mbao ilivyoishika chuma. Kwenye No. 4 ile mbao ya mbele ina kazi tatu kwa wakati mmoja. Nyuma kabisa, inapokutana na bodi, kuna nyuso mbili za kushoto na kulia ambazo lazima zikae zimebana kwenye chuma kwa usawa, zile ndo zinapokea teke lote risasi ikitoka. Mbele tu ya hapo, kuna sehemu nene ya mtutu lazima ilale kwenye kitanda chake. Halafu mbele kabisa karibu na mdomo, mbao inatakiwa iusukume mtutu kwenda juu kwa nguvu kidogo, kama ratili 3 mpaka 5, ukiubinya mtutu uachane na mbao uhisi unakataa kisha unarudi pale pale. Kati ya hapo na ile sehemu nene mtutu usiguse mbao popote. Ukikosa kimoja, risasi zinatawanyika na utamlaumu kila mtu.

Seti niliyoagiza ni mpya, siyo ya jeshi, wolnati nzuri kwa macho, na tangazo linasema unafunga tu unaenda kupiga. Uongo. Kwa nje imechongwa vizuri sana, kona safi, mashimo ya skrubu yapo pahala pake, mbao za juu zimekaa bila shida. Lakini zile nyuso mbili za nyuma, kushoto ilikuwa inagusa na kulia kuna pengo unaweza kupitisha karatasi ya benki. Maana yake teke lote linaenda upande mmoja, na upande mmoja ukipokea peke yake mbao inapasuka, ni suala la lini tu. Na mdomoni hakuna msukumo wowote, mtutu unaelea hewani.

Nilichofanya ni kazi ya zamani ambayo fundi seremala yeyote wa nyumbani anaielewa. Unapaka lipstiki nyembamba kwenye chuma (wife hakufurahi ila alitoa), unakiingiza kwenye mbao, unakigonga taratibu kwa nyundo ya mpira, unakitoa. Pale palipopata wekundu ndo panapogusa. Unakwangua hapo kidogo sana kwa patasi kali, siyo msasa, msasa unazungusha kona, halafu unarudia. Unakwangua kushoto mpaka kulia nako kunaanza kupata rangi. Kwenye pengo lililobaki nimepachika kipande chembamba cha wolnati ngumu kwa gundi ya epoksi, nyuzi za mbao zikitazama kule teke linakotoka, hii hata mafundi wa jeshi walikuwa wanafanya ile sehemu ikichoka. Mdomoni vile vile, kipande kidogo chini ya mtutu, nakwangua napima, nakwangua napima. Ni kazi ya kukera lakini siku inakaa unaisikia kwa mkono, ukikaza ile skrubu kubwa ya mbele ya kinga ya triga inafika mwisho inasimama tap, hakuna ile hali ya mbao kubonyea.

Na hiyo skrubu inanipeleka kwenye triga. Kwenye Mk I na Mk I* triga imening'inia kwenye kinga yake, na kinga imefungwa kwenye mbao, kwa hiyo mbao ikisinyaa au ikivimba kwa unyevu triga nayo inahama, ile hatua ya kwanza na ya pili ya kuvuta inavurugika. Waingereza wenyewe waliliona hilo tatizo, mwaka 1949 wakaja na Mk 2 ambayo triga imefungwa kwenye bodi ya chuma. Sasa mtu ananunua No. 4, triga inakuwa ya ajabu, anakimbilia kuinoa kwa tupa. Acha tupa. Kaza mbao kwanza ikae sawa ndo uiguse triga, yangu imejirekebisha yenyewe baada ya mbao kukaa, sijanoa kitu.

Onyo jingine kwa wenye ile ya zamani zaidi, SMLE No. 1 Mk III: usifungue bolti ndefu ya kitako kabla ya kutoa mbao ya mbele. Ile bolti mwisho wake ni mraba na umeingia kwenye kibati kilichopo kwenye mbao ya mbele, ukiizungusha mbao inapasuka papo hapo. Kuna No. 1 nyingi madukani zina ufa pale pale nyuma na sababu ni hiyo.

Rangi sasa, kwa haraka. Jeshi halikupaka vanishi, lilipaka mafuta ya linsidi mabichi, na vanishi ya kung'aa kwenye Enfield inaonekana kama meza ya sebuleni. Nimetumia linsidi mabichi, kidogo kidogo kwa kiganja, unasugua mpaka mkono upate moto, unaacha siku, unarudia. Mabichi yanachelewa kukauka, mwenye haraka anatumia yaliyochemshwa. Ila sikilizeni, matambara yenye mafuta ya linsidi yanawaka yenyewe yakikunjwa yakatupwa kwenye pipa, nyumba za watu zimeungua. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji. Rangi imetoka nyekundu kahawia, tulivu, mbao za juu na za chini zinafanana. Kitako tu kilikuwa cheupe zaidi kidogo kwa sababu kimetoka kwenye mti mwingine, kwenye bunduki za vita hata hilo lilikuwa la kawaida.

Kwa hiyo seti ya mbao nimeipa mbili na nusu: umbo zuri, mti mzuri, tangazo la uongo. Ikiwa huna patasi na subira mtafute fundi, lakini jua kwamba saa zake zitazidi bei ya bunduki. Ukipata mbao halisi za jeshi zilizotumika chukua hizo hata kama zimekwaruzika, mara nyingi zinakaa vizuri kuliko mpya.

Renji sasa, yaani uwanja wa shabaha. Yadi 100, kabla ya yote haya, na ile mbao iliyokatwa, risasi tano zilikuwa zinatawanyika kwenye duara la inchi sita hivi, nyingine zinapanda kila mtutu unavyopata moto. Baada ya mbao mpya kukaa ni inchi tatu, siku nzuri chini ya hapo, na mtutu ukipata moto hauhami. Kwa bunduki ya vita yenye saiti za chuma mimi sidai zaidi. Zinapiga juu lakini, usishtuke. Saiti ya nyuma niliyonayo ni ile ya kupindua yenye matundu mawili, moja la yadi 300 na jingine la 600, kwa hiyo kwa 100 lazima ulenge chini au ubadilishe kile kibati cha saiti ya mbele, vipo vya urefu tofauti.

Na ile bolti aisee. Inafungwa nyuma badala ya mbele, mkono unazunguka nyuzi 60 tu, na springi inakazwa wakati wa kusukuma siyo wakati wa kuinua. Huondoi jicho kwenye shabaha. Magazini inachukua kumi wakati wengi wa enzi zake walikuwa na tano. Jamaa wa benchi la jirani alikuwa na Mauser nzuri ya bei mbaya, aliomba apige risasi kumi na yangu, alivyomaliza akakaa kimya akaanza kuniuliza bei.

Kero yake ni risasi. Ganda la .303 lina ukingo unaotokeza kwenye kitako, ukilipakia vibaya ukingo wa juu unakaa nyuma ya wa chini yake na bunduki inakwama. Kila unayoweka juu ukingo wake uwe mbele ya iliyo chini, basi. Bei ya risasi mpya ni zaidi ya dola moja kila risasi, na zile za jeshi za zamani zinazouzwa rahisi nyingi zina kiwasho chenye chumvi inayokula mtutu. Ukizipiga, jioni hiyo hiyo mimina maji yaliyochemka kwa faneli ndani ya mtutu, ndo walivyofanya askari wenyewe, kisha kausha na upake mafuta. Mafuta peke yake hayatoi chumvi.

Wabongo na wenzetu wa diaspora mnaotaka kuanza, kama una green card unaruhusiwa kununua, kama upo kwa viza ya muda usiguse kabla hujaongea na mwanasheria, kwa wengi hairuhusiwi na ni kesi kubwa. Ukinunua mtandaoni inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza fomu 4473, wanakukagua, unachukua. Kuna leseni ya wakusanyaji ya dola 30 kwa miaka mitatu ambayo unaletewa nyumbani bunduki zilizopitisha miaka 50, lakini inataka ziwe kwenye umbo lake la asili, na iliyokatwa ni shida hapo, ndo maana yangu ilipitia dukani. Mlio nyumbani Tanzania msijaribu kufumua .303 ya mzee iliyobaki juu ya dari, sheria ya silaha ya 2015 haina hobi ndani yake, ipelekeni polisi.

Gharama jumla, bunduki, mbao, vyuma na fundi wa geji, imekaribia bei ya No. 4 nzima isiyoguswa. Anayetaka faida akanunue kiwanja. Mimi naitafuta ya pili, safari hii ya Long Branch, mtutu inchi 25.2 na picha ya futi iwepo, na namba ya bolti nataka niione kwa macho yangu kabla sijalipa.